Jinsi ya kuuliza swali kwenye mkutano mkuu wa kijiji hadi lijibiwe

Vijana wa huku kwetu Kilolo, mkoani Iringa, wakija kunilalamikia kwamba viongozi hawasikii, huwa nawauliza kwanza kama mkutano mkuu uliopita walihudhuria. Wengi hunyamaza. Nimewahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji na mjumbe wa halmashauri ya kijiji, kwa hiyo nimekaa mezani nikiulizwa na nimekaa kwenye nyasi nikiuliza. Ninachokijua ni kwamba kiongozi hujiandaa vizuri akishajua kuna watu watakaokuja na maswali yenye tarehe na tarakimu. Asipowatarajia, huja na maneno mawili matatu na watu hutawanyika.

Uanze kwa kujua unaingia mahali gani. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inasema mkutano mkuu ndio mamlaka ya juu kabisa kijijini. Mwenyekiti yuko chini yake, mtendaji yuko chini yake, na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25 iko chini yake. Mjumbe wa mkutano huo ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe ana shamba au hana, awe mzaliwa au mhamiaji. Binti aliyeolewa kwetu mwaka jana kutoka Makete ana sauti ileile aliyonayo mzee ambaye babu yake alizikwa hapa. Na Katiba yetu, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Shika hiyo namba ya ibara. Siku ukiulizwa "wewe ni nani mpaka uulize", utaitaja kwa upole na mjadala utaendelea.

Mkutano wa kawaida unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Usisubiri kipaza sauti kipite. Miezi mitatu ikikaribia, nenda ofisini kwa mtendaji, msalimie, muulize tarehe. Ikiwa hakuna tarehe, andikeni barua ya kuomba mkutano uitishwe, watu kadhaa watie saini, mbaki na nakala. Hapa kwetu nasisitiza pia siku na saa. Mkutano ukipangwa siku ya mnada, wanawake watakuwa sokoni na viazi na njegere zao. Ukipangwa mchana wa msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, wanaume wengi watafika wakiwa wameshakunywa, na hapo hakuna hoja itakayosikilizwa hadi mwisho. Sisi tuliomba uwe asubuhi, saa tatu, baada ya ukungu kupanda, na mahudhurio yakabadilika.

Kabla ya siku yenyewe, soma ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kubandikwa pale. Inakili kwenye daftari au ipige picha. Ikiwa ubao una tangazo la chanjo la mwaka juzi na hakuna kingine, umeshapata swali lako la kwanza.

Sasa swali lenyewe, ambalo ndilo hasa nililokusudia kulieleza. Nimewasikia watu wengi wakisimama na kusema, "Hela zetu zinaliwa!" Watu wanapiga makofi, mwenyekiti anakasirika, mtendaji anasema leteni ushahidi, na mambo yanaishia hapo. Aliyesema amepoa moyo, lakini hakuna aliyejibu chochote, kwa sababu hakuna kilichoulizwa. Msikilize mwingine, anayeanza kwa kamwene, salamu yetu ya huku: "Mheshimiwa mwenyekiti, kamwene. Kwenye mkutano wa Februari tulipitisha mchango wa shilingi 10,000 kwa kila kaya kwa ajili ya darasa. Naomba tusomewe: kaya ngapi zimelipa, zimepatikana shilingi ngapi, zimetumika ngapi na kwa kazi gani, na zilizobaki ziko wapi." Hapo hakuna aliyetukanwa. Kila mtu aliyekaa pale anaweza kupiga hesabu. Tuseme kijiji kina kaya 400 na zote zimelipa: ni shilingi 4,000,000. Taarifa ikisema zimepatikana milioni mbili na nusu, basi kuna kaya 150 ambazo ama hazijalipa, ama zimelipa na hazijaandikwa. Ombeni orodha isomwe kitongoji kwa kitongoji. Mwenye risiti atainua mkono.

Ndiyo maana nasisitiza risiti. Usitoe mchango wala ushuru bila risiti, hata kama anayepokea ni shemeji yako. Zihifadhi kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji, pamoja na kadi ya kliniki na kitambulisho cha taifa.

Uliza jambo moja kwa wakati mmoja. Ukiuliza matano, utajibiwa jepesi na manne yatasahaulika. Kama mna matano, gawaneni watu watano, na wanawake wawemo. Kwetu kina mama hukaa nyuma, chini ya miti, na wengi hawajawahi kusimama mbele ya mkutano. Tulichofanya ni kukutana jioni ya kuamkia mkutano, kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kila mmoja akasema swali lake kwa sauti mbele ya wenzake mpaka ulimi ukazoea. Kesho yake mama mmoja, mjane, aliuliza kuhusu dawa za zahanati bila kutetemeka, na mganga akajibu akiwa amesimama.

Ukishauliza, kazi bado. Tazama kama katibu wa mkutano, yaani mtendaji, anaandika. Ikiwa kalamu imelala, omba kwa heshima: "Naomba swali langu na jibu lake viingie kwenye muhtasari, pamoja na nani atashughulikia na lini." Sentensi hiyo ndiyo silaha kubwa kuliko zote ninazozijua. Mpangilio wa mikutano yetu ni uleule siku zote: kufungua, kuthibitisha agenda, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa mbalimbali, mengineyo, kufunga. Lililoandikwa leo litarudi mkutano ujao kwenye yatokanayo, na aliyeahidi atatakiwa aeleze. Lisiloandikwa litabidi uanze upya kana kwamba hukuwahi kufungua mdomo. Kwa hiyo muhtasari ukisomwa, usipige soga na jirani. Sikiliza kama kilichosomwa ndicho kilichosemwa. Kama kimekosewa, nyoosha mkono kabla haujathibitishwa, kwa sababu ukishathibitishwa ndio ukweli wa kijiji.

Chungeni sana hapo kwenye mengineyo. Jua limekwisha kuwa kali, watu wana njaa, wengine wameondoka. Huo ndio wakati ambapo jambo zito hupenyezwa. Kulikuwa na mwekezaji aliyetaka eneo la kupanda misindano na mikaratusi, na ombi lake lilisomwa kwenye mengineyo, harakaharaka, huku watu wanakung'uta nguo waondoke. Mzee mmoja akasema ardhi haijadiliwi watu wakiwa wamesimama. Likaahirishwa, likarudi kama agenda kamili, na safari hiyo uwanja ulijaa.

Mzee yule alikuwa na sheria upande wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Pale serikali inapotaka kuhamisha ardhi ya kijiji iwe kundi jingine la ardhi, lisilo la kijiji, kwa mfano kwa ajili ya uwekezaji, eneo lisilozidi hekta 250, ambazo ni karibu ekari 620, huamuliwa na mkutano mkuu wenyewe kukubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi ni wa waziri, lakini bado suala lazima lipite mbele ya mkutano kwanza. Kwa hiyo ukisikia habari ya ardhi, uliza mambo haya kabla ya kunyoosha mkono wa kupiga kura: ni hekta ngapi, mipaka inapita wapi hasa, kwa miaka mingapi, nani anatumia eneo hilo sasa kwa kuni, malisho au maji, na kijiji kitapata nini kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya zahanati haina pa kudaiwa. Na hata wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji, ambao angalau 3 kati yao ni wanawake, hupitishwa na mkutano mkuu. Siku ya kuwapitisha usibaki nyumbani kupalilia.

Sheria ndogo za kijiji pia, kama faini ya mifugo inayoingia shambani au katazo la kulima kwenye vyanzo vya maji, huletwa mkutanoni kwa maoni kabla ya kupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Watu wengi hulalamikia faini waliyokuwepo ilipopitishwa.

Nimeongea haki kwa muda mrefu, na wajibu sitauacha. Aliyedai taarifa ya darasa na yeye hajalipa mchango wake uliopitishwa kihalali, anawapa viongozi kichaka cha kujificha. Lipa, kisha dai. Ukishindwa kulipa kwa umaskini, sema mapema, uombe kubeba mawe au kusomba maji badala yake, na liandikwe. Ibara ya 27 ya Katiba inatutaka kulinda mali ya umma na kupiga vita ubadhirifu. Kijijini maana yake ni kwamba saruji ikishushwa shuleni, ni kazi yako pia kuihesabu. Miradi mingi sasa inajengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani bila kumpa mkandarasi kazi yote, ambapo kunaundwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi kutoka kwa wananchi wenyewe. Ukiteuliwa, usikatae kwa kisingizio cha shamba. Ukikubali, usitie saini kwamba umepokea mifuko 100 kama hukuihesabu kwa macho yako, hata kama dereva ana haraka na mvua inakuja.

Na kura ikipigwa, mkashindwa, mmeshindwa. Nilipinga mahali palipochaguliwa kujenga zahanati, niliona ni mbali na kitongoji cha juu. Wengi waliamua tofauti. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, nilikwenda na jembe langu kama wengine. Hoja yangu ya umbali naendelea kuileta mkutanoni, kwa ajili ya barabara sasa.

Mkutano ukikataa kujibu, au usipoitishwa kabisa, kuna ngazi za kupanda. Anzia kwa mtendaji wa kata, na mweleze diwani, kwa kuwa ndiye anayeongoza kamati ya maendeleo ya kata. Halafu mkurugenzi mtendaji wa halmashauri ya wilaya, halafu mkuu wa wilaya. Mkiwa na sababu za kuamini kuna rushwa au wizi, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapokea simu ya bure kwa namba 113. Mkutano mkuu una uwezo pia wa kumwondoa mwenyekiti kabla ya miaka yake mitano kwisha, lakini hilo fanyeni kwa utaratibu na baada ya kudai majibu kwa maandishi, maana nimeona kijiji kikigawanyika mpaka misibani.

Barua iwe fupi: ukurasa mmoja, tarehe, jambo moja, mnachoomba. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku zisizozidi 30 kukujibu. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Siku 30 zikipita kimya, andika kwa ngazi ya juu yake, uambatanishe ile nakala yenye muhuri.