Wifi ya nyumbani kwenye ruta ya kugawa mzigo

Ruta ya kugawa mzigo hugawa matumizi ya intaneti kati ya laini zaidi ya moja. Tuchukue TP-Link ER605 yenye laini mbili: faiba na modemu ya 4G. Kwanza kagua anwani za mtandao (IP). ER605 huja na 192.168.0.1, modemu ikiwa nayo ina anwani inayoanza na 192.168.0, zitagongana, na intaneti haitapita. Ibadilishe ER605 iwe 192.168.10.1.

Faiba iingie tundu la 1, 4G tundu la 2 baada ya kulifanya WAN (tundu la kuingiza intaneti) kwenye mipangilio. Andika kasi halisi ya kila laini, si ile ya kwenye tangazo, kwa sababu mzigo hugawanywa kwa uwiano huo.

ER605 yenyewe haitoi wifi, lakini ruta ya wifi uliyonayo inatosha kabisa. Ipe 192.168.10.2, zima DHCP yake (huduma ya kugawa anwani kwa vifaa), kisha waya kutoka ER605 uingie tundu lake la LAN (la vifaa vya ndani). Wengi huuchomeka WAN: intaneti inapatikana, lakini kompyuta ya waya haiioni printa ya wifi, kwani nyumba ina mitandao miwili.

Usitegemee faili moja kupakuliwa kwa kasi ya laini zote. Kila muunganisho hupita laini moja. Tovuti ya benki ikikutoa mara kwa mara kwa kuwa miunganisho yako inatoka laini tofauti, weka kanuni ipite faiba tu.