Jinsi ya kufuatilia msimu wa ubingwa wa futiboli ya vyuo Marekani, kwa mfano wa Ohio State 2024

Aliyezoea msimamo wa ligi ya soka akifungua jedwali la futiboli ya vyuo vya Marekani, mchezo wa kubeba na kurusha mpira kwa mikono, hupotea mapema. Mwaka 2024 daraja la juu lilikuwa na timu 134, na kila timu ilicheza takriban mechi 12 tu kabla ya mtoano. Nyingi hazikukutana kabisa. Kwa hiyo bingwa hapatikani kwa kujumlisha pointi za ligi. Kamati huchagua timu, kisha timu hizo hutoana. Ndivyo Ohio State, timu ya chuo kikuu cha jimbo la Ohio, ilivyofungwa mara mbili, ikakosa hata fainali ya konferensi yake (kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja), na bado ikabeba kombe Januari 2025.

Anza na saa, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosa mechi. Ratiba nyingi huandikwa kwa saa za New York. Kuanzia Agosti hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala aongeze 1 kwenye namba ya saa ya Kimarekani, atapata saa ya Kiswahili papo hapo. Mechi ya 12:00 mchana huko ni saa 1:00 usiku huku, ya 3:30 ni saa 4:30 usiku, ya 7:30 jioni ni saa 8:30 usiku. Baada ya Jumapili hiyo Wamarekani hurudisha saa nyuma, basi ongeza 2. Walioko Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi wana kazi nyepesi zaidi: kabla ya Novemba namba ni ile ile, baadaye waongeze 1. Angalia na tarehe. Fainali iliandikwa Januari 20, saa 7:30 jioni. Kwa Dar ilikuwa saa 9:30, usiku wa kuamkia tarehe 21, na aliyekaa kuisubiri jioni ya tarehe 21 alikuta kombe limeshanyanyuliwa.

Kanuni za kukutosha ni chache. Kila upande una wachezaji 11, na uwanja una urefu wa yadi 100 bila kuhesabu maeneo ya kufungia. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ikifaulu, hesabu inaanza upya. Kuufikisha mpira eneo la kufungia, tachidauni, ni pointi 6, na teke la nyongeza ni 1. Teke la kupitisha mpira kati ya milingoti ni 3. Kwenye kioo ukiona 3 na 11 zimeandikwa pamoja, maana yake ni jaribio la tatu, zimebaki yadi 11.

Sasa chukua daftari. Chora safu za mpinzani, nyumbani au ugenini, matokeo, mipira iliyopotea na majeruhi. Kabla ya mechi ya kwanza, andika ukurasa wa wageni, kwa kuwa siku hizi wachezaji huhama chuo hadi chuo kila mwaka. Ohio State ya 2024 ilimpata kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) Will Howard kutoka Kansas State, mkimbiaji Quinshon Judkins kutoka Ole Miss, beki Caleb Downs na mchezaji wa katikati ya ukuta wa mbele Seth McLaughlin, wote wawili kutoka Alabama. Asiyeandika ukurasa huo atashangaa Oktoba timu imetoka wapi.

Mechi za mwanzo zipite haraka. Akron 52-6, Western Michigan 56-0, Marshall 49-14: vyuo vikubwa huwalipa vidogo waje kucheza, na kapu la namna hiyo halikuambii lolote kuhusu Januari.

Safu ya majeruhi ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndani yake wachunguze watu watano wa ukuta wa mbele. Hawagusi mpira mara nyingi, kamera haiwafuati, lakini wao ndio humpa kwotabeki sekunde zake mbili tatu. Oktoba 12 Ohio State ilifungwa 32-31 na Oregon ugenini. Watu walibishana juu ya sekunde za mwisho, ambapo Oregon iliingiza mtu wa 12 kwenye ulinzi, ikapoteza yadi 5 tu huku sekunde 4 za mpinzani zikiyeyuka (tafsiri ya kanuni ilirekebishwa siku chache baadaye). Lakini hasara kubwa ya usiku ule ilikuwa goti la Josh Simmons, mlinzi wa pembe ya kushoto ya ukuta. Mechi iliyofuata, nyumbani dhidi ya Nebraska, ilikuwa ya kubanwa: 21-17. Donovan Jackson akahamishwa kutoka nafasi yake ya ndani kwenda pembeni kuziba pengo. Novemba McLaughlin naye akaumia kano ya kisigino mazoezini.

Ukiwa na mistari hiyo daftarini, Novemba 30 haikushangazi sana. Michigan, mtani wa jadi, alikuja Columbus, nyumbani kwa Ohio State, msimu wake ukiwa umeyumba, akashinda 13-10. Ohio State iliendelea kulazimisha mpira katikati, mahali ambapo Michigan ilikuwa na majabali Mason Graham na Kenneth Grant, na ambapo ukuta wake wenyewe ulikuwa umeshonwa viraka. Ongeza pasi mbili za Howard zilizonaswa na mateke mawili yaliyokosa milingoti, na hesabu inakamilika. Ilikuwa mara ya nne mfululizo kwa kocha Ryan Day kufungwa na Michigan.

Kuanzia mwanzoni mwa Novemba kuna orodha mbili, na kuzichanganya ni kosa la kila mgeni. Ile ya waandishi wa habari ni ya mabishano tu. Inayoamua ni ya kamati ya watu 13, ambayo kwa kawaida hutoka Jumanne. Mwaka 2024 timu 12 ziliingia: mabingwa 5 wa konferensi waliopangwa juu zaidi, na 7 nyingine kwa nafasi zao. Halafu mabingwa 4 wa juu wakapewa namba 1 hadi 4 na kuruka raundi ya kwanza. Kwa hiyo cheo kwenye orodha na namba ya mtoano havikulingana. Boise State ya 9 ilipata namba 3, Arizona State ya 12 ikapata namba 4, Ohio State ya 6 ikaangukia namba 8. Clemson ya 16 iliingia kwa ubingwa wake, Alabama ya 11 ikabaki nje. Ukisoma msimu wa 2025, usitumie hesabu hiyo, kwani namba zilianza kufuata orodha moja kwa moja.

Mapumziko nayo usiyachukulie kama zawadi. Timu zote nne zilizoruka raundi ya kwanza mwaka ule zilitolewa katika mechi zao za kwanza. Ohio State, iliyolazimika kucheza, iliifunga Tennessee 42-17 nyumbani, kisha ikairudia Oregon kwenye robo fainali iliyoitwa Rose Bowl na kuongoza 34-0 kabla ya kumaliza 41-21. Kwenye nusu fainali dhidi ya Texas, matokeo ya 28-14 yanadanganya. Texas ilikuwa yadi 1 kutoka kusawazisha, ikarudishwa nyuma, na kwenye jaribio la 4 Jack Sawyer akamng'oa kwotabeki mpira mkononi na kukimbia nao yadi 83.

Kwa fainali, iliyochezwa Atlanta, andika kila zamu ya kushambulia kwa mstari mmoja: imeanzia wapi, majaribio mangapi, imeishaje. Notre Dame ilifungua kwa zamu ya majaribio 18 na kupata 7. Ohio State ikajibu kwa tachidauni katika zamu zake nne za kwanza, ikafika 31-7, kisha ikaanza kulegea hadi 31-23. Hapo ndipo lilipokuja jaribio la 3 na yadi 11. Wengi wangekimbiza mpira ili saa iishe. Howard akarusha, Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza, akadaka yadi 56, na teke la mwisho likafanya 34-23.

Usifunge daftari bado. Acha ukurasa wa wanaoondoka, ambao hujazwa Aprili timu za kulipwa zinapochagua wachezaji. Mwaka 2025 zilichukua 14 wa Ohio State, na katika raundi ya kwanza walikuwemo Simmons, yule wa goti, na Jackson aliyehamishwa kuziba pengo lake.