Kutengeneza wimbo wa chillout kwa LMMS bila pedi kupotea kwenye spika ndogo

Chillout ni muziki wa polepole wa kutuliza, na pedi ni ile sauti ndefu laini inayojaza nyuma ya wimbo. Hapa nachukulia LMMS umeshaiweka na kuchora noti unajua. Ni programu ya bure ya kutengeneza muziki, na haihitaji kompyuta ya bei mbaya. Zile za wizi zinazogawiwa kwa flashi achana nazo, zinaweza kuja na virusi.

Hatua ya 1: Tempo

Weka 80, yaani mapigo 80 kwa dakika. Baa moja (mapigo manne) inakuwa sekunde 3 kamili na dakika 4 ni baa 80, kwa hiyo mahesabu yote yanakaa kichwani.

Hatua ya 2: Kodi

Kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Tumia nne tu, kila moja baa mbili: Am7, Fmaj7, Cmaj7, Em7. Noti ya E imo kwenye zote nne, na kutoka Am7 kwenda Fmaj7 kinachohama ni G kushuka F, basi. Utulivu wa muziki huu unatoka hapo: sikio linapata kitu kipya huku kingi likiwa limeshakizoea. Zipange noti zibaki karibu karibu, usirushe mkono oktavu nzima kila kodi ikibadilika.

Hatua ya 3: Pedi (soma yote kabla ya kugusa kitu)

Fungua TripleOscillator, ala ya LMMS yenye oscillator (vitoa mawimbi ya sauti) tatu. Attack (muda wa sauti kupanda) sekunde 1 hadi 2, release (muda wa kufifia ukiachia noti) kama 3, kata sauti kali za juu kwa filta. Mpaka hapo ni rahisi.

Shida inaanza unapotaka pedi iwe pana. Kila oscillator ina kinobu cha kutenganisha fezi (mahali wimbi linapoanzia kwenye mzunguko wake) ya kushoto na ya kulia. Ukikizungusha hadi nyuzi 180, kwenye hedifoni pedi inajaa kichwa kizima, raha tupu. Peleka wimbo huohuo kwenye spika ndogo ya bluetooth ya mgahawani na pedi haipo! Spika nyingi za aina hiyo zinajumlisha kushoto na kulia kuwa mono, yaani sauti moja, na mawimbi yaliyopishana nusu mzunguko yanafutana. Kama wimbi ni sine (laini, la mviringo), linakwisha kabisa. Kama ni saw (lenye meno kama msumeno), inabaki sauti nyembamba iliyopanda oktavu moja. Usiongeze volyumu, maana utaharibu wimbo kwenye sabufa na spika ndogo bado haitatoa pedi.

Kwa hiyo pima mono tangu mwanzo. Kwenye FX Mixer, chaneli ya Master, weka efekti ya Stereophonic Matrix iwe ya mwisho na vinobu vyote vinne viwe 0.5. Ukisikia pedi inapungua kidogo, sawa. Ikitoweka, rudisha fezi chini ya 60. Njia ninayoipenda zaidi ni pedi mbili tofauti, moja kushoto na moja kulia, na ya tatu katikati kwa sauti ndogo: haziwezi kufutana kabisa kwa sababu si wimbi moja. Ukimaliza kupima, izime Matrix. Ukiisahau, wimbo wote utatoka mono.

Hatua ya 4: Besi na mdundo

Besi iwe sine, katikati, noti moja kwa kila kodi. Kiki laini kwenye pigo la kwanza na la tatu. Ukiongeza kinanda, mwangwi wake uweke milisekunde 562, utaangukia kati ya mapigo.

Hatua ya 5: Mvua

Sauti ya mvua inapendeza nyuma ya wimbo, na hapa Rungwe hakuna uhaba wake. Rekodi kwa simu ukiwa barazani, mita chache kutoka kwenye bati. Chini ya bati lenyewe kelele inafunika kila kitu. Ukiwa kwenye upepo kama Makambako, subiri utulie, ukipiga maikrofoni hausafishiki. LMMS si ya kurekodi na kusafisha sauti, kwa hiyo safisha kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti: kata chini ya Hz 200, punguza juu ya Hz 6,000, kisha toa WAV (faili la sauti lisilobanwa). Sauti yake iwe ndogo kiasi kwamba msikilizaji aitambue pale tu inapokatika.

Hatua ya 6: Kutoa faili

Kilele cha sauti kisizidi −6 dB. Toa WAV ya Hz 44,100. Kile kisanduku cha kutoa kama loop (wimbo wa kujirudia) kiache bila tiki, kwa sababu kinaondoa baa ya ziada mwishoni na mkia wa mwangwi unakatwa. Mkia ukizidi sekunde 3, ongeza baa mbili tupu mwisho wa wimbo.