Jinsi ya kutumia maneno ya mtaani ya Kihispania bila kumtukana mgeni wako

Wadau mnaojifunza Kihispania, hasa mnaoongoza watalii kama mimi, kuna neno coger, linatamkwa kokher, naomba mlielewe vizuri kabla halijawaweka pabaya. Mimi nilisomea kitabu cha Hispania, na kule coger ni kuchukua, kudaka, kupanda basi, kupokea simu, hata kupata mafua, neno la kawaida kabisa la kila siku, sasa siku moja nikawaambia wageni wangu mtu na mkewe kutoka Buenos Aires "mañana os cojo en el hotel", yaani kesho nawapitia hotelini. Mama akainamisha uso. Ajentina hilo ni tusi la kitandani, na mimi nimeliahidi kwa wote wawili.

Kwahiyo kabla hujatumia neno lolote la mtaani jua kwanza unaongea na mtu wa wapi, na wala huhitaji kumuuliza, sikiliza tu. Anayesema "vale" kila saa na "vosotros" akimaanisha nyinyi ni wa Hispania. "Che" na "vos tenés" ni Ajentina au Uruguay, "güey" Meksiko, "parce" Kolombia, na ukisikia "po" mwisho wa sentensi na "¿cachai?" hapo una Mchile.

Na hiyo cachai nayo ina mambo yake. Mchile anakuuliza umenipata? umeelewa? Lakini toka Arica, Chile, uvuke mpaka uingie Tacna, Peru, ni kama kilomita 60 tu, kitenzi hichohicho cachar kinageuka tusi la aina ileile ya coger.

Halafu jifunze kusoma kamusi vizuri. Ile ya Real Academia Española, akademia ya lugha ya Kihispania, ipo bure mtandaoni, ila wengi wanarukia maana na kuacha vile vifupisho vya mbele, wakati utamu wote upo pale: "malson." ni onyo kwamba neno ni chafu, "Arg." ni Ajentina, "Méx." ni Meksiko. Kwenye coger utakuta onyo hilo limetajiwa Ajentina, Bolivia, Meksiko, Paraguay, Jamhuri ya Dominika, Uruguay, Venezuela na Amerika ya Kati. Kyuba haimo, na kweli kule watu wanasema coger la guagua, kupanda basi, bila mtu kushtuka, kwahiyo usibebe Amerika ya Kilatini na visiwa vyake vyote kapu moja.

Guagua yenyewe ni basi Kyuba, Puerto Rico na visiwa vya Kanari, ila Chile na nchi za milima ya Andes ni mtoto mchanga, imetoka Kikechua, wawa. Mwambie Mchile "perdí la guagua", ukimaanisha basi limeniacha, uone atakavyoruka kukusaidia kumtafuta mtoto. Na hakuna aliyekosea hapo jamani, ni kama Mkenya akisema bibi yangu kajifungua, Mtanzania anabaki anawaza ajuza wa miaka sabini.

Ila coger ina ugumu wake kuliko guagua. Maana chafu ikishakaa kwenye neno inaifukuza ile safi, watu wanalikwepa hata pale lisipo na ubaya, ndo maana Ajentina kazi yake imechukuliwa na tomar na agarrar, na huwezi kujitetea kwamba mimi nilimaanisha kuchukua. Kwahiyo weka mbadala tayari kichwani: tomar kwa basi na teksi, entender badala ya cachar, bebé kwa mtoto, autobús kwa basi. Haya yanaeleweka kote.

Likishakuponyoka usijieleze sana, sema "perdón, aprendí el español de España", samahani, nilijifunza Kihispania cha Hispania. Nilisema hivyo, yule mzee akanielewa palepale, akanifundisha kwao wanasemaje: "los paso a buscar". Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikawapitia, na mpaka leo sentensi hiyo ndo ninayotumia kwa kila mgeni wa Kihispania.