Ukijitolea kwenye maonyesho ya amani wakati wa baridi, anza na miguu
Sakafu ya zege hunyonya joto, na ukisimama juu yake asubuhi nzima, soksi moja haitoshi. Vaa mbili, ya nje iwe ya sufu, na kiatu kisibane.

Mgeni akiingia huku anapuliza viganja, mwache kwanza apate joto. Akifika kwenye picha ya ile saa ya Hiroshima, mji wa Japani ulioangushiwa bomu la atomiki, mishale yake imeganda saa 2 na robo asubuhi, Agosti 6, 1945, usimsemeshe. Tafadhali sana. Simama kando tu, aone kwamba upo. Wengi hugeuka wenyewe, macho yakitafuta mtu wa kumuuliza. Hapo ndipo unapohitajika kweli, na inauma asipokuona kwa sababu umekwenda kuota moto kwenye hita.