Kuuchezesha msimu wa ligi mara elfu kumi kabla haujaisha

Ligi Kuu ya Uganda ikikaribia ukingoni, hapa Jinja kila kijiwe kina mtabiri wake. Mmoja anaapa Vipers wameshalibeba, mwenzake anasema Jogoo, yaani SC Villa, hashikiki. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimekulia kambini ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kila nyumba, na SC Villa ni timu yangu tangu utotoni. Naipenda kiasi kwamba nikitaka kujua nafasi yake ya ubingwa siuulizi moyo wangu, nauliza hesabu. Kazi hii inafanyika hata kwa Excel ya kawaida, na hapa naeleza ninavyoifanya.

Ligi yenye timu 16 zinazokutana nyumbani na ugenini ina mechi 240, kila timu mechi 30. Mechi zilizokwisha kuchezwa zina pointi zake, haziguswi. Zilizobaki unazichezesha kwa namba za bahati, huku timu yenye nguvu ikipewa nafasi kubwa zaidi ya kufunga. Ukimaliza unapata msimamo mmoja wa mwisho. Unauandika kando, unarudia tangu mwanzo. Ukirudia mara 10,000 na Villa wakamaliza kileleni mara 2,300, nafasi yao ni asilimia 23. Njia hii huitwa Monte Carlo, kwa jina la mtaa wa kasino kule Monaco. Stanislaw Ulam na John von Neumann waliitumia kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, miaka ya 1940 kufuatilia mwendo wa nyutroni.

Mara 100 hazitoshi. Kwa jambo lenye nafasi nusu kwa nusu, majaribio 100 yanayumba kwa takriban pointi 5 za asilimia huku au kule. Majaribio 10,000 yanayumba kwa nusu pointi tu.

Kompyuta haitakusumbua. Kinachosumbua ni kuipa kila timu nguvu inayostahili, na hapo ndipo watu wengi huharakisha. Anza na wastani wa mabao ya wenyeji na wa wageni katika ligi nzima. Kisha kila timu ipe namba mbili: ya ushambuliaji, yaani mabao yake kwa mechi ukigawanya kwa wastani wa ligi, na ya ulinzi, yaani mabao inayofungwa ukigawanya vivyo hivyo. Tuseme wenyeji wa ligi hufunga wastani wa 1.25. Mwenyeji wetu ana ushambuliaji wa 1.3, na mgeni ana ulinzi wa 0.8, maana yake hufungwa kidogo kuliko wengine. Zidisha: 1.25 × 1.3 × 0.8 ni 1.3. Hayo ndiyo mabao tunayomtarajia mwenyeji. Mfanyie mgeni vilevile, na tuseme amepata 0.8.

Lakini usizipokee namba za mwanzo wa msimu kama zilivyo. Timu iliyofunga mabao 14 katika mechi 6 ina wastani wa 2.33, na katika ligi yetu hakuna anayeishi huko juu hadi raundi ya 30. Mimi huiongezea kila timu mechi 6 za kubuni zenye mabao ya wastani wa ligi. Wastani ukiwa 1.1, hesabu inakuwa 14 jumlisha 6.6, ugawe kwa 12, unapata 1.72. Kadiri mechi halisi zinavyoongezeka, zile za kubuni zinapoteza uzito zenyewe. Ukifanya marekebisho haya pekee na kuacha mapambo mengine yote, tayari umewapita watabiri wengi.

Jambo la pili ni uwanja. Vipers wana nyumba yao Kitende, KCCA wanayo Lugogo, na huko faida ya nyumbani ni ya kweli. Ila timu inayocheza kama mwenyeji kwenye uwanja wa kuazima, mbali na mashabiki wake, haistahili faida hiyo yote. Mimi huipa nusu. Timu mbili za Kampala zikikutana, mashabiki wa pande zote wanafika kwa nauli ileile, kwa hiyo napunguza pia. Kinyume chake, siku zile Onduparaka walipokuwa Ligi Kuu, timu ya Kampala ilisafiri karibu kilomita 500 hadi Arua, na safari kama ile lazima ionekane kwenye hesabu. Hakuna fomula itakayokuamulia haya. Inabidi uijue ligi yenyewe.

Sasa tuchezeshe. Mabao ya soka hufuata kwa karibu mgawanyo wa Poisson, ulioitwa kwa jina la mwanahisabati Mfaransa. Ukiupa wastani wa mabao, unakupa nafasi ya kila idadi ya mabao. Kwa matarajio ya 1.3, nafasi ya kutofunga kabisa ni 0.273, bao moja 0.354, mawili 0.230, matatu 0.100. Zipange kwa kujumlisha: 0.273, 0.627, 0.857, 0.957. Fomula ya RAND kwenye Excel hukupa namba kati ya 0 na 1. Ikitoka 0.71, imeangukia kati ya 0.627 na 0.857, basi mwenyeji kafunga mawili. Kwa mgeni mwenye 0.8, mpaka wa kwanza ni 0.449. Ikitoka 0.38, hajafunga. Mechi imeisha 2-0. Ukiirudia mechi hiyo mara nyingi, mwenyeji atashinda takriban asilimia 48, sare 29, mgeni 23. Anayetumia Python, lugha ya kuandikia programu, atapata amri ya poisson ndani ya NumPy, nyongeza yake ya hesabu, na msimu mzima utaisha kufumba na kufumbua.

Mwaka 1997 Mark Dixon na Stuart Coles walionyesha kwamba Poisson ya namna hii hupunja sare za 0-0 na 1-1. Kwa kuanzia unaweza kuliacha hilo.

Usiache hili lakini: nguvu uliyoikadiria nayo ni kadirio. Kabla ya kila msimu wa kubuni, yumbisha kidogo namba za kila timu, juu au chini, kisha ucheze mechi zote zilizobaki kwa namba hizo. Usipofanya hivyo, kompyuta itampa kinara asilimia 95 mapema mno. Na ligi huweza kubaki wazi hadi mwisho: Mei 2024 Villa walitwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 2004, na ulisubiri siku ya mwisho kuamuliwa.

Timu zikilingana pointi, soma kanuni za mashindano. Uingereza hutazama tofauti ya mabao, Hispania matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana. Ukikosea hapo, nafasi za kushuka daraja zitapinda.

Zoezi ninalowapa wanafunzi ni msimu wa 2019/20. Korona ilipoingia, FUFA, shirikisho la soka la Uganda, iliufunga msimu zikiwa zimebaki raundi 5 na kuwapa Vipers ubingwa. Ingiza matokeo ya raundi 25, chezesha zile tano, uone KCCA walikuwa na nafasi kiasi gani. Wanafunzi hubishana hadi kengele inalia, na wanabishana kwa namba.

Wengine wataka kubeti. Tazama kwanza odi za mechi moja, yaani unacholipwa kwa kila shilingi mwenyeji akishinda, ikiwa sare, au mgeni akishinda: 2.10, 3.10 na 3.20. Gawanya 1 kwa kila moja, ujumlishe, unapata 1.11. Hiyo 0.11 ya ziada ni ya kampuni, na kila tiketi unaanza ukiwa nyuma yake. Hesabu zangu sizipeleki huko.

Andika utabiri wako na tarehe kabla ya mechi. Msimu ukiisha, chukua kila nafasi uliyotaja, toa 1 ikiwa jambo lilitokea au 0 ikiwa halikutokea, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Tafuta wastani wa hizo zote. Glenn Brier alipendekeza kipimo hiki mwaka 1950 kwa watabiri wa hali ya hewa. Anayesema 0.5 kwa kila kitu hupata 0.25. Ukipata chini ya hapo, umeanza kuijua ligi yako. Ukipata juu yake, rudi kwenye namba za nguvu kabla ya kugusa kitu kingine.