Kubeba oksijeni na asetilini kwenye Hiace au Noah bila kuhatarisha watu

Wenye pikapu ya wazi kazi yenu rahisi, mtungi unafungwa wima nyuma na upepo unamaliza mengine. Haya ni kwa mafundi wa kuchomelea tunaotoa gesi Gerezani au Vingunguti hapa Dar na kuipeleka saiti kwa gari lililofungwa pande zote. Wiki hii nimemsaidia kijana mmoja kupakia, maswali yake ni yale ninayoulizwa kila mara, ndo maana naandika. Wengi wanaogopa mtungi kulipuka kwa joto, ila kwenye Hiace cha kuogopa zaidi ni gesi inayovuja kidogokidogo na kukosa pa kutokea.

Hatua ya 1: Vua regyuleta
Funga valvu, toa presha kwenye mipira, vua regyuleta (kile kifaa cha kupunguza presha), rudishia kofia ya mtungi. Hata kama saiti ni mtaa wa pili. Oksijeni iliyojaa ina presha ya bar 150 hadi 200, tairi la gari dogo lina kama 2 tu, sasa mtungi ukianguka valvu ikakatika hakuna mtu wa kuuzuia.

Hatua ya 2: Pima uvujaji, afu ruhusu hewa
Hapa msiharakishe jamani. Asetilini paka maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu na kwenye shingo, ukiona povu linakua hata taratibu mtungi huo unarudi kwa muuzaji, usikubali akikwambia "hiyo kidogo tu". LPG, yaani gesi ya kupikia, inawaka ikiwa kama asilimia 2 hadi 10 ya hewa, ila asetilini inaanzia 2.5 na kupita 80, yaani ikishajaa ndani ya gari karibu kiasi chochote kinawaka, na cheche inayohitaji ni ndogo mno: rimoti ya milango, taa ya ndani, stata, kiberiti. Uingereza van za mafundi zimeshalipuka kwa mtindo huu, fundi anafungua gari tu.

Oksijeni usiipake sabuni, tumia dawa ya kupimia ambayo wauza gesi wanayo, na usiiguse na mikono ya grisi au tambara la gereji, maana oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inaweza kuwaka bila kiberiti. Nayo ikivuja ni hatari, hewa ya kawaida ina asilimia 21, ikizidi 23 hivi nguo inashika moto haraka sana.

Vioo vifunguliwe mbele na nyuma safari nzima. Dereva akitaka AC mkatalie, hasa ile inayozungusha hewa ya ndani, na kwenye foleni ya Kimara ambako gari limesimama na upepo hakuna ndo vioo vishuke mpaka mwisho. Mtungi usiachwe ndani ya gari usiku. Ikitokea umeachwa, asubuhi ukikaribia gari ukasikia harufu kama ya kitunguu saumu usibonyeze rimoti, usiwashe kitu, ondoa watu, ita zimamoto 114.

Hatua ya 3: Asetilini wima
Gesi hii imeyeyushwa kwenye asetoni iliyonywewa na kitu chenye vinyweleo ndani ya mtungi, ukiulaza asetoni inakimbilia kwenye valvu. Ikitokea umelala, usimamishe masaa kadhaa kabla ya kazi, mi napenda ukae usiku mzima. Noah dari lake fupi, mtungi mkubwa hausimami, kwahiyo kodi kirikuu (pikapu ndogo ya wazi), hiyo hela sio ya kubania. Oksijeni inaweza kulala ikizuiwa isibingirike.

Hatua ya 4: Funga
Mikanda ya kukaza mzigo, ile yenye kishikio cha chuma, miwili kwa kila mtungi, juu na chini, ishikwe kwenye chuma cha bodi. Kamba ya manila siitaki kabisa, breki mbili tatu imeshalegea, na mtungi mkubwa una kilo 60 hadi 80.

Hatua ya 5: Safari
Usibebe abiria, usivute sigara, kizimamoto cha unga kikae karibu na dereva, nenda moja kwa moja.

Hatua ya 6: Kushusha
Fungua milango yote, subiri dakika chache, ndo uguse mikanda. Ukirudisha mitungi iliyoisha fanya hayohayo yote, valvu imefungwa na kofia juu, kwasababu mtungi "mtupu" bado una gesi.